Meseji ya Skana Tisa

Watu wa ghalani wana maneno, na mimi ni mmoja wao, sikatai. Wananiita Cherehani kwa sababu mdomo wangu ukishaanza haukati uzi. Lakini hii habari ya Chozi na dada yake wengi wanaisimulia kombo, wengine wanaisimulia huku wakicheka, na anayeicheka mbele yangu tutakosana. Nilikuwapo. Meseji yenyewe niliisoma mimi, kwa mdomo huu huu.

Chozi ni yule kijana wa ofisini, yule ambaye shati lake halijui kukunjamana. Kazi yake ni kutuma meseji kwenye skana zetu. Kwa asiyejua: kila mmoja wetu humu ndani anabeba skana mkononi, kimashine kama simu nene yenye mpini, cha kumulikia ile mistari iliyobandikwa kwenye katoni. Ukimulika, inakuambia katoni ni ya nani na iende wapi. Skana zote zinaongea na kompyuta kubwa ya ofisini bila waya, na anayekaa mbele ya kompyuta hiyo anaweza kukuandikia neno likakufikia mkononi, uwe juu ya ngazi, uwe nyuma ya rafu ya mwisho. Skana inatetemeka, inalia, kazi yako inapotea kwenye kioo yanabaki maneno yake. Humuliki katoni nyingine mpaka ubonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa NIMESOMA. Ukibonyeza, meseji inafutika, na yeye kule ofisini anaona kwamba umesoma.

"Lori limefika mlango wa pili." "Skana nne, katoni hiyo siyo, tafadhali irudishe." Ndiyo mambo yake hayo. Anaandika kwa adabu, na nukta anaweka. Aliyekuwapo kabla yake alikuwa akituandikia kama anafukuza mbuzi shambani.

Sasa dada yake. Huyo ni mwenzangu wa chumba cha baridi, tunapanga maboksi ya nyama na samaki tukiwa na makoti na mabuti na glavu, hata mume wako akipita hakutambui. Sote tunamwita Dada. Hata msimamizi, ambaye ana mvi zake, anamwita Dada. Mama yao alifariki Chozi akiwa bado ananyonya, baba akawa mtu wa kusafiri asirudi, na Dada, naye mwenyewe mtoto wa darasa la pili, akaacha shule akambeba mgongoni. Alikuwa mtoto wa kulia huyo! Ukimtua analia, ukikaa naye analia, mpaka utembee. Ndipo akampa jina hilo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Dada alimchelea kweli kweli.

Hata kazi ya ofisini alimtafutia yeye. Kila asubuhi alikuwa akimvizia msimamizi mlangoni: "Bosi, nina kijana wangu, kichwa alichonacho, we acha tu." Leo hivyo, kesho hivyo, mpaka msimamizi akasema haya, mlete nipumzike.

Kosa la Dada ni kwamba hakuona mtoto amekua. Akipita kwenye dirisha la ofisi anagonga kioo kwa skana yake: "Chozi! Umekula?" Na Dada hajui kuita kwa sauti ndogo, anaita kama yuko ng'ambo ya mto. Madereva wanasikia, wateja waliokuja kufuata mizigo wanasikia. Kijana anainamisha kichwa kwenye kompyuta. Haukupita muda ofisi nzima ikawa inamwita Chozi, na yule mhasibu msichana, ambaye kila mtu alijua Chozi anamtazama kwa jicho gani, akamuuliza mbele ya watu, "Kumbe wewe ni wa kubembelezwa?" Wakacheka. Yeye akasema hajali, ni utani tu, na huku anasema hivyo mkono wake umeshika sikio.

Hilo la sikio mlishike na nyinyi. Na kuna jambo jingine, ambalo mimi nililijua na Chozi hakulijua: Dada hajui kusoma.

Tarakimu anazijua zote. Maneno mafupi mafupi kama LORI na MLANGO anayatambua kwa sura, na neno DADA pia. Ikija meseji ndefu ananipa skana: "Nisomee, mwenzangu, miwani imejaa ukungu." Na ni kweli, ukitoka kwenye baridi miwani hujaa ukungu, kwa hiyo hakuna aliyemshuku. Mimi nilimshtukia siku aliyonipa skana wakati miwani yenyewe kaisahau nyumbani. Nilisoma nikanyamaza. Naam, hata mimi huwa nanyamaza.

Baadaye akanieleza mwenyewe, tumekaa juu ya maboksi matupu tukiota jua. "Jioni nilikuwa nashika kitabu chake, namwambia soma kwa sauti nikusikie. Mimi hapo sijui hata kitabu kimesimama au kimelala kichwa chini. Lakini huyu mtoto akibuni neno anashika sikio. Nikiona tu mkono umepanda, namwambia, rudia. Anarudia, anarudia, mpaka mkono ushuke. Cherehani, mwenzio nimesomesha mtu mpaka kidato cha mwisho kwa neno moja tu." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Asijue, we. Anadhani dada yake anasoma. Akijua nitaificha wapi sura yangu?"

Nikamwapia.

Sasa siku hiyo walikuja wageni kutoka makao makuu, watu wa suti, kuja kuona jinsi meseji zinavyotumwa, ili mtindo wetu upelekwe kwenye maghala mengine. Msimamizi alikuwa ametukimbiza tangu juzi yake, fagia hapa, panga pale. Chozi ndiye aliyepewa kazi ya kuwaeleza. Nilimwona kupitia kioo, amesimama anaonyesha kwenye kompyuta, anasema, wakubwa wanatikisa vichwa. Roho yangu ilifurahi, na mimi sihusiki hata kwa ukoo wa mbali.

Dada naye akamwona. Tulikuwa tunapita na toroli. Akaiacha hapo hapo, akafungua mlango wa ofisi, koti lake linavuja barafu, glavu zinanuka samaki, akaenda moja kwa moja. "Chozi, kola! Kola yako imekunjika, baba, unaongea na wakubwa hivyo?" Akamnyoosha kola. Akamfuta na shavuni, sijui aliona nini. Akatoka zake ameridhika.

Wale wageni walitabasamu lile tabasamu la watu wenye adabu. Msimamizi, katika kutaka kuokoa mambo, akasema, "Msishangae, huyu bado yuko kwenye mikono ya mlezi wake." Mhasibu akaziba mdomo. Na kwenye shavu la kijana kulikuwa na magamba ya samaki.

Sisi tukaingia chumba cha baridi, mlango ukajifunga. Kuta za mle ndani ni nene, mawasiliano hayapiti. Meseji ukitumiwa huku uko ndani inakaa kwenye kompyuta inasubiri, ukifika mlangoni ndipo inakurukia. Kwa hiyo hatukujua kwamba wageni walipopelekwa kunywa chai, Chozi aliketi, akachagua skana namba tisa peke yake, ile ya dada yake, akaandika maneno ambayo mtu huandika akiwa bado anajipangusa magamba usoni.

Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alijuta kabla hata kidole hakijainuka. Kompyuta ikamwandikia: skana tisa, inasubiri. Akatafuta pa kuirudisha. Hakuna. Kile chombo kimetengenezwa cha kupeleka tu, waliokitengeneza hawakufikiria kwamba kuna mtu atataka kulimeza neno lake. Akainuka, aje atungojee mlangoni, amwambie Dada bonyeza hiyo usiisome. Akafika nusu ya njia akawaona wageni wanatoka na vikombe mkononi. Akafikiri watasema nini wakimwona anakimbilia mlango wa baridi kumfuata yule yule mama wa mabuti. Akarudi kukaa. Aibu ilimzuia kwenda kuzuia aibu, na hiyo ndiyo aibu inayomtafuna mpaka leo.

Tukatoka. Skana ya Dada ikatetemeka, ikalia. Akaitazama akaona neno la kwanza, DADA. Akaangaza uso. "Ni Chozi huyu! Nisomee, miwani imejaa ukungu."

Nikaichukua. Imeandikwa hivi: Dada, usiniite jina lile tena wala usinishike mbele ya watu. Unanitia aibu.

Jamani! Nilimtazama yule mama, amesimama ananingoja kama mtoto anayengoja kuonjeshwa. Niambieni, mngefanya nini? Wapo wanaosema mimi ndiye niliyeharibu. Wasimame wao pale mlangoni wamtazame ule uso, halafu wamsomee. Nyuma yake kwenye msumari ilining'inia kofia yake ya sufu, ile asiyoivaa kwa sababu inamwasha. Nikasoma: "Dada, vaa kofia. Huko ndani baridi ni kali."

"Ameandika hivyo?"

"Ndivyo."

Akaivaa kofia papo hapo, akaivuta mpaka masikioni. Nikanyoosha kidole nibonyeze kile kitufe cha kijani, yaishe. Akaninyang'anya skana. "Ebo! Unaifuta? Kijana wangu tangu azaliwe hajaniandikia hata mstari, leo kaniandikia unaifuta?"

Na hapo njia ya mwongo ikaanza kuwa fupi. Dada aliibeba ile skana kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi, akaanza kuzunguka nayo ghala zima. Akamsimamisha dereva wa foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo: "Hebu ona Chozi wangu alivyoniandikia." Dereva akasoma. Akanitazama mimi niliyekuwa nyuma nikipiga ishara kwa macho na nyusi na kila nilichopewa na Mungu. "Maneno mazuri, Dada," akasema, akaondoka bila hata kuangalia nyuma. Akawaonyesha wafungaji wa katoni. Wanasoma, wanasema hongera. Mmoja aliguna kicheko nikamkanyaga na buti, na buti zetu si za mchezo. Yule mama alikuwa anajivua nguo mbele ya kila mtu, mwenyewe anadhani amevaa vazi la sikukuu, na aliyemvika ni mimi. Nilimvuta koti, "Dada, twende kazini." Ananijibu, "Subiri, bado mlinzi."

Lakini skana ambayo meseji yake haijabonyezwa haimuliki, na kazi yetu ilikuwa imesimama. Msimamizi akatokeza kichwa ofisini: "Skana tisa ina nini? Lori linangoja!"

"Nakuja bosi, nakuja!"

Akaingia, mimi nyuma yake. Wageni walikuwa wamesimama wanaaga. Mhasibu yuko kwenye meza yake. Chozi alipoona dada yake anaingia na ile skana ameiinua, na kofia kichwani, alisimama akashika ukingo wa meza. Kwenye kompyuta yake ilikuwa imeandikwa: skana tisa, imefika, haijasomwa.

"Nisameheni, wakubwa," Dada akasema. "Najua nimechelewesha lori. Ila sikutaka kuifuta kabla hajanisomea mwenyewe." Akampa. "Nisomee, Chozi. Cherehani kanisomea lakini nataka niisikie kwa sauti yako. Hapo kwenye kofia."

Chozi akatazama kioo cha skana. Akamtazama dada yake, miwani yake safi, haina hata tone la ukungu. Akanitazama mimi. Nikagusa kichwa changu taratibu, nikimaanisha kofia. Nikaona anaelewa. Na hakuelewa la kofia tu. Zile jioni zote, kitabu mkononi mwa dada, rudia, rudia, niliona zinamwangukia moja baada ya nyingine.

"Dada," akaanza. Hilo lilikuwa la kweli, limeandikwa. "Vaa... vaa kofia. Huko ndani baridi ni kali."

Na mkono ukapanda sikioni. Wala hakujua kama umepanda.

Dada alikuwa anatabasamu. Tabasamu lilikaa usoni kidogo hata baada ya macho kuacha kutabasamu. Kisha akasema polepole, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Rudia."

Kijana akainamisha macho kwenye skana.

"Rudia, mwanangu. Soma kilichoandikwa."

Hakusoma. Machozi yalimtoka, yale yale ya utotoni, mbele ya wageni, mbele ya mhasibu, mbele ya msimamizi aliyekuwa anatafuta mahali pa kutazama akakosa. Dada hakumfuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya yule kijana alilia na dada yake yuko hapo na hakumfuta. Aliwatazama wageni, akaitazama ile kola aliyoinyoosha, kisha akaichukua skana mkononi mwake, akapangusa kioo chake kwa mkono wa koti, akabonyeza kitufe cha kijani.

"Nimesoma," akasema. Halafu akageuka kwa msimamizi: "Skana iko tayari, bosi." Na mlangoni, bila kugeuka: "Asante, Bwana Karani."

Tangu hapo ndilo jina lake. Bwana Karani, habari ya kazi. Bwana Karani, lori limejaa. Kwenye kioo hagongi tena. Akipita anapita amenyooka, macho mbele, na ofisini kumekuwa kimya hata mhasibu aliuliza siku moja kama yule mama anaumwa. Kijana alikwenda nyumbani kwa Dada kuomba radhi. Dada alimpokea vizuri, akamtolea kiti cha wageni, kile chenye kitambaa, akamtengea chakula kwenye sahani za kabatini. Akamwambia hakuna kosa, Bwana Karani, kazini ni kazini. Kijana anasema alikaa kwenye kile kiti akaona bora angempiga.

Kwangu pia hakugomba. Alinishukuru hata, kwa kumsitiri. Ila meseji ndefu akawa anampelekea dereva wa foklifti.

Ndipo Chozi akanifuata, tumetoka kwenye chakula cha mchana. Amekonda, shati limemkunjamana. "Cherehani, nimemwandikia. Nimezungumza na dereva, leo atamwambia hana nafasi. Atakuletea wewe. Utamsomea kama ilivyo?"

"Kama ilivyo," nikamwambia. "Neno kwa neno. Nikiongeza hata nukta nikatwe ulimi."

Tukatoka kwenye baridi. Skana tisa ikalia. Dada akaangalia huku na huku, dereva akapita kasi amepunga mkono. Akanipa ile skana. Safari hii hakusingizia miwani.

Imeandikwa: Dada, niite Chozi. Niite mbele ya watu wote.

Nikaweka kidole chini ya kila neno, nikasoma kwa sauti, taratibu, kama tunavyosomea watoto. Nikarudia, bila kuambiwa.

Dada alikuwa haangalii kioo. Alikuwa anaangalia mikono yangu. "Hata la kofia ulilisoma hivi hivi," akasema. "Uso huo huo, sauti hiyo hiyo."

"Dada, naapa. Ndilo lililoandikwa. Basi twende akusomee mwenyewe, umwangalie sikio!"

"Niingie tena mle na skana mkononi, nisomewe mbele ya watu? Hapana, mwenzangu. Mara moja inatosha." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Yeye nikimwona namjua. Wewe Cherehani, wewe hushiki sikio. Sijui unapodanganya."

Akabonyeza kitufe cha kijani, akavuta kofia, akaingia ndani kufuata toroli nyingine. Kule ofisini kijana akaona kwenye kompyuta: skana tisa, imesomwa. Akainuka, akaja kusimama kwenye kioo cha dirisha, akangoja kuitwa.